Uwanja wa Nje si Mahali pa Kumficha Mchezaji Dhaifu

Kila msimu, nikishawapangia vijana wapya wa besiboli nafasi zao, hakosekani mzazi wa kunivuta pembeni na kuniuliza, kwa upole unaoficha hasira, mwanawe amekosa nini hata akapelekwa uwanja wa nje, yaani eneo la mbali nyuma ya besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata pointi. Nimelijibu swali hilo kwa uvumilivu miaka mingi. Sasa nalijibu kwa maandishi, na shahidi wangu ni Ichiro Suzuki, Mjapani aliyefanya kazi hiyo, hasa upande wa kulia, kwa zaidi ya robo karne.

Dhana kwamba uwanja wa nje ni wa wachezaji dhaifu imetoka kwenye mechi za watoto wadogo, ambako mipira michache tu hufika mbali, na kocha mvivu humweka upande wa kulia mtoto asiyejua kudaka. Miongoni mwa watu wazima wanaolipwa mambo hugeuka, kwa kuwa mkimbiaji aliye besi ya kwanza huuona mpira uliopigwa kulia kuwa ni ruhusa ya kupita besi ya pili na kwenda moja kwa moja hadi ya tatu, na anayeweza kumzuia ni mtu mmoja tu, aliye upande wa pili wa uwanja. Tarehe 11 Aprili 2001 mjini Oakland, Ichiro akiwa na siku chache tu katika timu ya Seattle Mariners ya Marekani, Terrence Long, mkimbiaji wa timu pinzani, alijaribu safari hiyo. Ichiro aliurusha mpira kutoka upande wa kulia ukaenda chini chini, umenyooka, bila kudunda, na Long alipofika besi ya tatu alikuta glavu yenye mpira inamsubiri, akatolewa.

Watu huusifu mkono wa Ichiro, nami nakereka, kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika kabla mkono haujainuka: aliufuata mpira kwa kasi badala ya kuungoja umfikie, akauokota huku miguu imeshajipanga kurusha. Tena thamani ya mrusho wa namna hiyo haimo yote katika takwimu, maana takwimu humhesabu mkimbiaji aliyetolewa, wala hazimhesabu yule aliyekumbuka yaliyompata mwenzake akaamua kubaki besi ya pili. Na hata mpira usipomjia, mchezaji wa kulia hukimbia nyuma ya besi ya kwanza kila mpira wa chini unaporushwa huko, endapo utapotea. Anayesema kwamba mtu huyu husimama tu alikuwa akiutazama mpira, hakumtazama yeye. Ichiro alipewa tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya wachezaji bora wa ulinzi, misimu 10 mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2010, na glavu zake alizisafisha na kuzipaka mafuta mwenyewe. Kwangu mimi, anayeikalia glavu yake simpangi, hata akiwa na mkono wa mzinga.

Wapo pia wanaoamini kwamba mchezaji wa nje asiyepiga mipira ya kuvuka ukuta, inayomwezesha kuzunguka besi zote, hana maisha katika ligi kuu. Kati ya mapigo salama (yale yanayomfikisha mpigaji kwenye besi bila kutolewa) 3,089 aliyoyapata Ichiro nchini Marekani, yaliyokuwa ya kukamilisha mzunguko wote ni 117 tu. Mwaka 2004 alipata mapigo salama 262 katika msimu mmoja, akaivunja rekodi ya 257 ambayo mchezaji George Sisler aliiweka mwaka 1920.

Kuhusu imani kwamba kipaji hujulikana mara moja, inatosha kusema kwamba katika uteuzi wa mwaka 1991, ambapo klabu za Japani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Ichiro alichaguliwa katika raundi ya nne, kisha misimu miwili ya mwanzo akaitumia kwa sehemu kubwa katika timu ya akiba. Mwaka 1994, alipopewa nafasi ya kudumu, alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi ya Japani kufikisha mapigo salama 200 katika msimu mmoja. Alimaliza na 210.

La mwisho ni la umri, kwamba anayetegemea miguu humalizika akifika miaka 30. Ichiro alianza kucheza Marekani akiwa na miaka 27 na mechi yake ya mwisho aliicheza Tokyo, Machi 2019, akiwa na miaka 45; katika kura za mwaka 2025 za kumwingiza katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, unaowaenzi wachezaji bora wa zamani, alikosa kura moja tu kati ya 394. Mtu huyo alikuwa akinyoosha misuli kabla ya mechi, baada ya mechi, na hata pale uwanjani, mrushaji alipokuwa akijiandaa kwa mrusho unaofuata. Mimi nina vijana wa miaka 14 wanaoniambia kwamba kunyoosha misuli ni mambo ya wazee.