Maktaba imebadilishwa, lakini neno lako la siri bado ni la zamani

Shule moja ya hapa Lubumbashi ilituomba tukague seva yake. Mwalimu anayeitunza alikuwa ameipandisha mfumo wake wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kutoka toleo la 10 hadi 11, kisha hadi 12, na aliamini kwamba maneno ya siri ya walimu wote sasa yamehifadhiwa kwa njia mpya, kwa kuwa Debian 11, iliyotoka Agosti 2021, ndiyo iliyoileta njia hiyo. Tukafungua pamoja faili la /etc/shadow, ambamo seva inatunza kumbukumbu ya maneno ya siri ya akaunti zote. Akaunti yake mwenyewe, aliyoibadilishia neno la siri karibu na Pasaka, ilikuwa na alama inayoanza na $y$. Karibu nyingine zote zilianza na $6$. Tatu, za walimu waliokwisha kustaafu, zilianza na $1$. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa yaya, kazi yote ile ya kupandisha ilifanya nini?"

Naandika kwa sababu ya swali hilo. Seva za Linux ziko nyingi mjini kwetu kuliko watu wanavyodhani: shuleni, hospitalini, katika ofisi za usafirishaji, kwa wakandarasi wa migodi. Nyingi zinatunzwa na mtu mmoja mwenye kazi nyingine tano, na huyo ndiye ninayetaka anisome kwa makini.

Seva iliyopangwa vizuri haihifadhi neno lako la siri, lile ambalo wengi wetu tunaliita mot de passe. Inalisaga. Ukipeleka mahindi kinuni unarudi na unga wa bukari, na hakuna fundi wa kinu atakayeurudisha unga ule kuwa punje. Kinachobaki ndani ya faili ni huo unga, unaoitwa heshi. Kila ukiingia, seva inasaga upya ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Kabla ya kusaga, inachanganya herufi za nasibu zinazoitwa chumvi, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga unaofanana.

Mwizi aliyeiba faili hilo naye hawezi kuugeuza unga kuwa punje. Anachofanya ni kukisia: anachukua neno, analisaga na chumvi ileile, anatazama kama yanalingana, kisha anachukua lingine. Ulinzi wako wote, ukiacha ugumu wa neno lenyewe, ni muda ambao kila kisio linamgharimu. Njia nzuri ya kusaga ni ile inayochelewa.

Njia ya zamani ya Unix, ambayo Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mwaka 1979, ilipitisha neno mara 25 katika DES, njia ya zamani ya kuficha maandishi, na kutumia chumvi ya aina 4096 tu. Kasoro yake kubwa ni kwamba ilisoma herufi 8 za kwanza na kuacha zilizobaki. Mtu aliyeandika "lubumbashi2024" kwa kujiamini alikuwa amelindwa na "lubumbas" peke yake, na katika mji huu hata mtoto angekisia hilo. Baadaye Poul-Henning Kamp wa FreeBSD, mfumo ulio jamaa wa Unix, alileta njia ya MD5, yenye mizunguko 1000, ile ya $1$. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alitangaza kwamba haifai tena. OpenBSD, jamaa mwingine wa Unix, walikuwa na njia yao, bcrypt, tangu miaka ya 1990, na upande wa Linux, mwaka 2007, maktaba kuu ya mfumo (maktaba hapa ni mkusanyo wa kazi ambazo programu nyingi zinazitumia), glibc, ikapokea njia ya SHA-512, yenye mizunguko 5000 kwa kawaida. Hiyo ndiyo $6$.

Hatari ya $6$ leo iko kwenye kadi za grafiki, zilezile wanazonunua vijana kwa ajili ya michezo. Kadi moja ina maelfu ya visagio vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja, na SHA-512 haidai kumbukumbu nyingi, kwa hiyo visagio vyote vinashiba. Njia ya yescrypt, kazi ya Alexander Peslyak wa Openwall, inadai kila kisio lipewe sehemu kubwa ya kumbukumbu. Hapo kadi inabanwa, kwa kuwa haina kumbukumbu ya kuvitosha visagio vyake vyote. Katika shindano la kimataifa la njia za kusaga maneno ya siri lililomalizika 2015, Argon2 ilishinda na yescrypt ikapewa sifa ya pekee. Alama ya $y$ ni yake.

Kwa nini basi Linux ilichelewa? Kwa sababu kazi ya kusaga haifanywi na kila programu kivyake. Inafanywa na maktaba moja, libcrypt, na programu zote zinakwenda kuiazima: ya kuingia kwenye mashine, su, sudo, lugha ya Perl, baadhi ya seva za barua. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikaa ndani ya glibc, na glibc ni kama nguzo ya katikati ya nyumba, haiguswi hovyo. Ikakaa na njia zilezile za 2007. Watu wa distro, yaani wanaotengeneza mifumo ya Linux kama Debian na Fedora, wakachoka kusubiri, wakachukua maktaba nyingine, libxcrypt, inayoelewa njia zote za zamani pamoja na mpya. Fedora 28 ilihamia huko mwaka 2018, Debian ikafuata katika toleo la 11. Mwisho glibc wenyewe wakakubali: kuanzia toleo 2.38 la 2023 hawaijengi tena libcrypt isipokuwa ukiomba, na katika 2.39 la mwanzoni mwa 2024 wameiondoa kabisa.

Kubadilisha maktaba inayoazimwa na vifurushi vingi namna hiyo si jambo la kubofya mara moja. Maktaba mpya lazima ijibu kwa jina lilelile na kwa namna ileile, la sivyo programu zote zilizojengwa zamani zinakufa siku moja. Debian wameendelea na jina libcrypt.so.1. Fedora wamekwenda namba 2, ambayo imeacha baadhi ya kazi za kizamani, na wenye programu za zamani wakawekewa kifurushi cha pembeni, libxcrypt-compat. Kama ofisi yako ina programu ya uhasibu iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita, na baada ya kupandisha inalia kwamba haioni libcrypt.so.1, tatizo ni hilo. Kifurushi hicho kitaifufua, lakini nakusihi uanze kutafuta fedha za toleo jipya la programu.

Sasa niseme juu ya hatari niliyoipitia mimi mwenyewe. Kutoka Debian 10 kwenda 11, faili la libcrypt.so.1 linahama kutoka kifurushi cha libc6 kwenda kifurushi kipya, libcrypt1. Mpangilio wa kufungua vifurushi ukikosea, la zamani linafutwa kabla jipya halijawekwa. Katikati hapo Perl haifanyi kazi, na debconf, inayouliza maswali wakati wa kusakinisha vifurushi, imeandikwa kwa Perl. Kupandisha kunasimama. Na kwa kuwa programu ya kuingia nayo inaazima maktaba hiyohiyo, ukitoka, hurudi ndani. Mimi nilitoka. Umeme ulikuwa umekatika, betri ya akiba ikapiga kelele, nikaizima seva kwa heshima zote nikidhani nitaendelea asubuhi. Asubuhi nilitumia saa sita kuiamsha kwa flashi ya kuokolea.

Tangu siku ile ninapakua vifurushi vyote kwanza, bila kusakinisha, kwa apt full-upgrade --download-only. Mega zinaliwa mara moja tu, na mtandao ukikatika katikati hakuna kinachoharibika. Jenereta inawashwa kabla, si baada. Naacha dirisha moja la root, akaunti ya msimamizi mkuu, wazi mpaka nimejaribu kuingia upya kwenye dirisha la pili na kufanikiwa. Na faili la kifurushi cha libcrypt1 liko tayari ndani ya diski: likitokea lile la kutokea, nalifungua kwa dpkg-deb, nanakili maktaba mahali pake, naendelea na kazi.

Turudi kwa mwalimu na swali lake. Kupandisha kulimpa kinu kipya. Unga uliosagwa zamani ulibaki ulivyo, kwa sababu seva haina punje za kuusagia upya. Heshi ya $6$ itageuka $y$ siku mwenyewe atakapoandika neno jipya la siri, si kabla. Maktaba mpya inaendelea kuzipokea heshi za zamani kimyakimya, na ndiyo maana hakuna anayegundua.

Kwa hiyo kazi ya pili, ambayo wengi hawaifanyi, ni ya watu. Kwanza hakikisha mfumo wenyewe unasaga kwa njia mpya: katika /etc/login.defs mstari wa ENCRYPT_METHOD useme YESCRYPT, na kwenye Debian utazame pia /etc/pam.d/common-password, faili linaloamua neno jipya lisagwe kwa njia gani. Kama faili hilo liliwahi kuhaririwa kwa mkono, kupandisha kunaliacha lilivyo, na utaendelea kutengeneza $6$ mpya bila kujua. Kisha amri chage -d 0, ikifuatwa na jina la akaunti, inamlazimisha mtu abadilishe neno lake anapoingia mara nyingine. Usiwape watu wote siku moja. Wape idara moja kwa juma, na uwaambie mapema, ana kwa ana kama inawezekana, maana mtu anayeombwa ghafla neno jipya anaogopa kwamba anatapeliwa, na ana haki ya kuogopa.

Uangalie pia mashine zinazoshiriki heshi hizohizo. Debian 10 haielewi $y$ hata kidogo. Ukiwa na seva ya zamani inayosoma akaunti zilezile, mtu akibadilisha neno upande mmoja, upande wa pili utamkatalia. Na zile skripti ndogo za Python za kufungua akaunti za wanafunzi kila mwaka wa masomo unapoanza: nyingi zinatumia moduli ya crypt, iliyoondolewa katika Python 3.13 ya Oktoba 2024. Zijaribuni mwezi mmoja kabla, msingoje foleni ya wanafunzi mlangoni.

Wewe ambaye si fundi, ukiombwa kubadilisha neno la siri baada ya seva kupandishwa, usiandike lilelile ukiongeza 1 mwishoni. Andika maneno manne au matano yasiyohusiana. Na kama unatunza taarifa za watu, kumbuka kwamba sheria ya dijitali ya nchi yetu ya tarehe 13 Machi 2023 inazilinda data za watu binafsi. Faili la /etc/shadow lililovuja ni mlango wa data hizo zote.

Kule shuleni tulizifunga siku ileile zile akaunti tatu za $1$. Kesho yake saa mbili asubuhi simu ikalia: sekretarieti haiwezi kuchapa matokeo. Mama wawili wa pale walikuwa wakiingia kwa akaunti ya mwalimu mmojawapo tangu alipostaafu, kwa neno alilowaachia kwenye kipande cha karatasi. Tukarudi, tukamfungulia kila mmoja akaunti yake, na karatasi ile tukaichana mbele yao.