Je, Wajua? Dari ya Mbao Hupata Mwanga Wake Sakafuni

Sebule ya shangazi yangu ilikuwa ya mbao tupu. Dari ya saipresi iliyopakwa vanishi mara tatu, kabati la mvule lililochukua ukuta mzima na glasi zake ambazo hazijawahi kunywewa, milango mizito, makochi yenye mikono ya kuchongwa. Fundi alijua kazi yake, hilo halina ubishi. Lakini ukikaa humo dakika kumi ulihisi kama umefungiwa ndani ya sanduku la nguo.

Saruji ya sakafuni ilipoanza kupasuka, shangazi akanunua kile ambacho Kenya nzima sasa inakiita mkeka wa mbao. Jina lenyewe ni kichekesho: si mkeka wala si mbao, ni plastiki iliyochapishwa picha ya mbao. Akachagua wa kahawia unaofanana na kabati, “ili vitu viendane”. Ulipotandikwa, chumba kikawa pango. Zamani taa ilikuwa ikiwashwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Sasa saa kumi na moja tu mtu anapapasa ukuta akitafuta swichi. Dirisha ni lile lile, pazia ni lile lile. Mwanga ulipotelea wapi?

Ulipotelea sakafuni. Mwanga wa mchana hutoka mbinguni, kwa hiyo ukipita dirishani huwa unateremka. Hugonga sakafu na sehemu ya chini ya kuta. Dari haioni mbingu kamwe. Inaishi kwa makombo, yaani mwanga uliogonga mahali pengine kwanza ukarudi juu, na sehemu kubwa ya makombo hayo hutoka sakafuni.

Sasa piga hesabu. Rangi nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, ilhali mbao iliyokolea huenda isifikishe hata 20. Tuseme mafungu 100 ya mwanga yameangukia sakafu ya kahawia inayorudisha asilimia 20, na dari nayo ni ya kiwango hicho hicho. Mafungu 20 yanapanda, dari inarudisha manne. Weka sakafu ya rangi ya mchanga inayorudisha asilimia 60: yanapanda 60, dari inarudisha 12. Dari imeng'aa mara tatu bila mtu kupanda ngazi. Hesabu hii ni ya kurahisisha, maana kuta nazo zina lao, lakini ndiyo sababu ya swichi ya shangazi.

Na kule “kuendana” je? Hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Rangi ya mbao hutokana na kemikali zilizomo ndani ya mti, na ile ya plastiki hutokana na wino wa kiwandani. Aina hizi mbili zaweza kulingana kabisa chini ya taa ya dukani, zikaachana mara tu zinapofika kwenye jua la sebuleni, kwa kuwa kila moja ina namna yake ya kumeza na kurudisha mwanga. Isitoshe, mbao haikai ilivyo. Mvule ukipasuliwa huwa na umanjano, kisha huiva mwaka baada ya mwaka hadi kuwa kahawia iliyokolea. Picha ya plastiki haiivi, inachakaa tu. Basi unabaki na kahawia mbili zinazokaribiana bila kufikiana, kama shati na suruali nyeusi za maduka tofauti.

Wengine hukimbilia sakafu ya kijivu kilichopoa, yaani kisicho na wekundu wala umanjano, wakiamini kitauzima wekundu wa mbao. Kinafanya kinyume chake. Katika karne ya 19 kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani, kilikuwa kikipokea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimepauka. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa idara ya rangi hapo tangu 1824, akachunguza na kukuta rangi haina kasoro. Ubaya ulitoka kwa majirani: nyeusi iliyofumwa kando ya buluu na zambarau huonekana dhaifu. Matokeo aliyachapisha 1839 (na bado alikuwa na miaka hamsini ya kuishi; alifariki akiwa na miaka 102). Jicho huisukuma kila rangi mbali na jirani yake. Kijivu kikikaa kando ya mninga mwekundu hugeuka kama kibuluu, na mninga nao huzidi kuwaka. Aliyetaka kuipoza mbao amejikuta anaichochea.

Watu wa Lamu walilimaliza suala hili kitambo. Nyumba zao za mawe zina dari ya boriti za mikoko, fito nene zilizopangwa karibu karibu, ambazo urefu wake huufanya upana wa chumba usifike mita tatu. Vyumba vyembamba, madirisha machache, mbao kichwani: kwa hesabu ya juu, ilipaswa kuwa giza. Ila kuta ni chokaa nyeupe yenye vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na sakafu nayo ni ya chokaa iliyomwagwa juu ya mawe ya matumbawe. Boriti hapo hazikulemei. Unaweza kuzihesabu moja moja.

Kwa nyumba ya leo, mimi ningechagua terazo, ile saruji iliyochanganywa na kokoto kisha ikasuguliwa hadi laini, yenye kokoto nyeupe na za rangi ya maziwa. Mbao ina mishipa inayokimbia upande mmoja, na macho yameshachoka kuifuata darini na kabatini; vidoa vya terazo haviendi popote. Taili za rangi ya mchanga zisizong'aa zinafaa vilevile. Nyeupe ya kumeremeta siipendi: inarusha mwanga wa dirisha machoni, na jicho likishazoea ukali huo kabati huonekana jeusi zaidi. Na kwenye vumbi jekundu la Kiambu au Murang'a, utadeki asubuhi na jioni. Kama fedha haitoshi, mkeka halisi wa ukindu usiotiwa rangi, mpana wa kutosha kufikia karibu na dirisha, utafanya sehemu nzuri ya kazi hiyo.

Kabla ya kulipa, omba kipande kimoja cha taili uende nacho nyumbani. Kilaze chini kabisa, mguuni mwa kabati, usikisimamishe kama dukani. Kitazame saa nne asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni, kisha chini ya balbu yako. Balbu ya manjano huipendelea mbao, na taili ya krimu iliyokuwa ya kupendeza mchana yaweza kugeuka njano usiku.

Shangazi alichukua miezi minane kukubali. Fundi wa terazo alipomaliza kusugua, mama wa jirani aliingia akauliza dari imepakwa rangi lini. Ule mkeka wa mbao haukutupwa. Kipande chake kiko jikoni, chini ya mtungi wa gesi.