Bonde la Kilombero na misitu ya Udzungwa: wageni wanavyoidhania safari, na ilivyo

Aliyezoea Mikumi au Serengeti akisikia neno hifadhi huona mbuga ya nyasi, gari la kufunguka paa na simba aliyejinyoosha kivulini. Kwa huko picha hiyo ni ya kweli. Shida huanza anapoibeba hivyo hivyo hadi Bonde la Kilombero, kilomita 60 hivi tu kutoka mji wa Mikumi, ambako msitu wa mlimani na bonde la mto vinatazamana, na katikati yake kuna miwa, mpunga, vijiji na reli ya TAZARA. Kiu, kukutwa na giza njiani, vifundo kuteguka, hema kujaa maji: mengi ya yanayowapata wageni hapa hutokana na maandalizi ya nyika kuletwa msituni.

"Bila gari hufiki popote"

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake huzunguki kwa gari. Ni miguu tu. Basi la Dar es Salaam kwenda Ifakara hukushusha Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, na kuanzia hapo kinachohitajika ni viatu vyenye meno. Raba za soli bapa zinafaa lami. Juu ya mizizi iliyolowa zinateleza kama sabuni.

Usichoweza kufanya ni kuingia peke yako. Mwongozaji ni lazima, na safari za kulala porini huenda pamoja na askari mwenye silaha. Wapo wanaodhani huo ni ujanja wa kuwaongezea gharama, kwa kuwa "msituni hakuna wanyama wakubwa". Wapo. Tembo na nyati wanaishi humu, na kwa kuwa miti imesongamana unaweza kuwa hatua 15 kutoka kwa tembo bila kumwona. Mwongozaji husoma dalili ambazo wewe unazikanyaga: kinyesi kinachong'aa unyevu na chenye nzi kimetoka muda si mrefu, kilichokauka juu na kupasuka ni cha jana au juzi. Akiinua mkono, simama, nyamaza, usiwashe mwanga wa kamera, na mkirudi nyuma rudini kwa njia mliyojia. Kutimka mbio ovyo ndiko kunakompeleka mtu katikati ya mama na ndama wake.

"Kilomita tano ni saa moja"

Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjikia. Njia ya Maporomoko ya Sanje, inayoanzia kijiji cha Sanje kaskazini ya Mang'ula, ni kama kilomita 5 tu, lakini hupangiwa muda wa saa 4. Maji ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 kwa ngazi, na wewe unapanda kando yake, unashuka, unapanda tena.

Hesabu inayosaidia ni hii: weka dakika 15 kwa kila kilomita, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Hiyo ni kwa njia kavu na mtu mwenye afya. Njia ikiwa imelowa, au mko na watoto, zidisha jumla kwa moja na nusu. Kisha weka muda wa kupumzika na wa kutazama kima, maana hakuna anayewapita bila kusimama. Kwenda kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kilomita 38 kwenda na kurudi, na huchukua siku 3 na kulala mara 2. Mang'ula yenyewe iko kwenye mita 300 hivi, kwa hiyo kuna zaidi ya mita 1,700 za kupanda ukiwa na mzigo mgongoni. Njia ya Lumemo ni ya siku 5. Asiyewahi kutembea saa 6 mfululizo asianze na hizo. Aanze na Sanje, au na njia ya Prince Bernhard, ya kilomita 1 tu kutoka makao makuu.

Saa 2 asubuhi muwe mmeshaanza kutembea. Chini ya miti mirefu giza huingia mapema kuliko barabarani, na kushuka ukiwa umechoka ndiko kunakovunja watu, kuliko kupanda.

"Msituni kuna kivuli, chupa moja ya maji inatosha"

Kivuli kipo, ila hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki mwilini, linatiririka tu, na jasho lisilokauka halipozi. Ndiyo maana mtu huweza kuzidiwa na joto chini ya mti. Lita 3 kwa kila mtu kwa njia ya Sanje si nyingi. Beba na pakiti moja ya chumvichumvi (ORS) ya kuchanganya na lita 1 ya maji. Mtu akianza kuumwa kichwa, kukakamaa misuli na kuwa mkali bila sababu, mkalishe, mlegezee nguo na umnyweshe taratibu.

"Maji ya mlimani ni safi, kunywa tu"

Yanaonekana safi, na ndiyo hatari yake. Juu ya hapo unapojaza chupa kuna nyati aliyeoga, nyani aliyejisaidia na pengine kambi ya watu. Njia ya uhakika ni kuchemsha: yakitokota kwa nguvu, yaache dakika 1 nzima, ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajawa moto wa kutosha.

Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba, lakini vinakosewa kwa namna mbili. Kwanza kipimo: kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji angavu, si cha chupa ya lita 1. Wapandaji watafute vidogo vya lita 1, wasome karatasi yake. Pili ni tope. Klorini huishia kupambana na uchafu badala ya vijidudu. Maji yakiwa na rangi ya chai, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Subiri dakika 30. Yakiwa baridi sana, zaidi. Na fungua kifuniko kidogo, tikisa, ili maji yenye dawa yafike kwenye nyuzi za mdomo wa chupa, kwa sababu hapo ndipo midomo yetu inapogusa.

"Hapa hakuna mvua, mto hauwezi kujaa"

Mvua inayoujaza mto haikunyeshei wewe. Inanyesha juu, kwenye misitu na nyanda usizoziona, nawe chini unapigwa jua ukiogelea. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, za vuli huanza kuelekea Novemba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo bora kwa kutembea, ingawa msitu wa upande huu wa mashariki hulowa hata kiangazi.

Dalili za maji kupanda ni chache, na zote zinataka utoke mara moja: maji angavu kuanza kuwa ya kahawia, majani na vijiti kuja vingi kwa pamoja, jiwe ulilokuwa umekalia kuanza kulowa, na mngurumo kuzidi. Chagua jiwe moja pembeni lililotoka nje ya maji kiganja kimoja, ulitazame kila dakika chache. Likifunikwa, ondokeni, na msivuke kurudi upande wa pili kufuata begi.

Kwenye kidimbwi chini ya maporomoko, usiruke kichwa mbele. Mawe na magogo huhamishwa na mafuriko kila msimu, na kina ulichokiona mwaka jana si cha mwaka huu. Mawe ya kijani au meusi yanayong'aa yana utelezi. Wapo wanaoumia hapa ambao hata hawakuwa wanaogelea, walikuwa wanarudi nyuma hatua moja ili wapate picha.

"Kambi nzuri ni ile ya ukingoni mwa mto"

Kambi hupigwa mahali palipotengwa tu, na hata hapo pana pa kuchagua. Kaa juu kidogo, hatua 80 au zaidi kutoka majini: ukingo ni njia ya wanyama kwenda kunywa, ni makao ya mbu, na usiku hewa baridi hutelemkia huko. Inua macho kabla ya kusimika hema. Tawi kavu lililokwama juu ya mti halihitaji upepo mkubwa ili lianguke. Inamisha macho pia. Mstari mwembamba wa siafu leo jioni ni jeshi usiku wa manane. Turubai la chini ya hema likunjwe lisichomoze nje hata kidogo, kwa kuwa linalochomoza hukusanya mvua na kuipeleka chini ya godoro lako.

Baridi nayo hupuuzwa. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo kambi ya mita 1,800 ni baridi kuliko Mang'ula kwa nyuzi 9 hivi, na Julai hilo linasikika mpaka kwenye mifupa. Beba nguo moja kavu ya kulalia ambayo hutaivaa mchana, hata iweje.

Usiku utasikia kilio kinachoanza kwa mkwaruzo na kupanda hadi kuwa ukelele wa mtu anayenyongwa. Si chui wala si jini. Ni perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa paka, anaita juu ya mti.

"Kuni zimejaa, tuokote"

Hapana. Tangu 2011 majirani wa hifadhi wamezuiwa kuokota kuni humo ndani, watu ambao msitu huu umekuwa jikoni kwao kwa vizazi. Mgeni wa siku 2 kukusanya matawi ili apate moto wa kupigia picha, mbele ya mwongozaji ambaye mama yake hununua mkaa, ni jambo linaloumiza, achilia mbali kuwa ni kosa. Gogo lililoanguka nalo si takataka: wadudu, uyoga na mijusi wanaishi ndani yake. Pika kwa gesi. Mtungi wa kilo 3 unafaa kambi ya chini. Kwa kupanda hauna maana, chuma chake ni kizito kuliko gesi yenyewe, kwa hiyo tafuta vikopo vidogo vya jiko la safari.

"Kima na nyani wana njaa, wape ndizi"

Wana chakula chao. Nyani akilishwa mara mbili, ya tatu anapora, na anayelipia ni mwenye shamba la mahindi kijijini. Kubwa zaidi ni magonjwa: mafua yako madogo yanaweza kuwa makubwa kwao. Hapa kuna ng'olaga, kima ambaye haishi kokote duniani ila katika milima hii. Sayansi ilimtambua 1979. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Kaa mbali naye mita 10, na ukiwa unakohoa usiende kumtazama.

"Jiwe la nyoka likiwekwa, sumu inatoka"

Haitoki. Jiwe huaminiwa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mgonjwa angepona hata bila jiwe. Akiuma kifutu, saa zilizopotea kwa jiwe ndizo zinazokula mguu. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, funga mguu kwenye gongo ili usitikisike, mbebeni asitembee, mpelekeni hospitali. Kwa mgeni asiye mwenyeji, Ifakara ndiko kwenye hospitali kubwa ya bonde hili, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Upupu hauuwi, ila utakutesa. Ganda lake lenye manyoya ya dhahabu huning'inia pembeni mwa njia kiangazi. Ukikugusa usikune, maana unazidi kuchoma vinyweleo ndani. Bandika plasta na ubandue, au bonyeza donge la ugali laini juu yake, livutwe.

"Nimelipa Udzungwa, basi bonde lote ni langu"

Bonde hili lina wasimamizi zaidi ya mmoja. Udzungwa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Msitu wa asili wa Magombera, kisiwa cha miti katikati ya miwa, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tambarare ya mto, iliyoingia mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani na makao ya sheshe, aina ya swala, ina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Kila mahali pana kibali chake, kwa hiyo uliza kabla ya kufika. Malipo ni kwa kumbukumbu namba (control number), kupitia simu au benki. Noti mkononi mlangoni hazikusaidii.

"Mlimani hakuna malaria, na mimi mwili umeshazoea"

Unalala chini, kwenye mita 300, katika bonde lenye malaria, ambako maabara ya utafiti ilifunguliwa Ifakara miaka ya 1950, nayo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Kinga ya utotoni hupungua kwa anayeishi mjini miaka mingi. Vaa mikono mirefu kuanzia jua linapozama, si wakati wa kulala tu. Chandarua hata ndani ya hema lenye zipu mbovu. Suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Kwenye tambarare epuka bluu iliyokoza na nyeusi, ndorobo huzifuata rangi hizo.

Vimelea huchukua siku 7 au zaidi kabla homa haijaanza, hivyo inakukuta umeshasahau safari. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa ulilala Kilombero.