Mjusi wa buluu wa Kimboza: si kila wa kijani ni jike

Wafugaji wengi wa Lygodactylus williamsi, mjusi mdogo ambaye kwa asili huishi juu ya miti ya mikadi ya msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, huamini kwamba kila mwenye rangi ya kijani ni jike. Imani hiyo inaeleweka, kwani dume aliyekomaa hung'aa buluu. Lakini dume mchanga, au aliyetawaliwa na mwenzake, huweza kubaki wa kijani, na huenda ndiyo sababu "jike" lako halitagi. Msubiri apande kioo cha kizimba chake, kisha mtazame upande wa tumboni: dume ana safu ya vitundu vyeusi mbele ya tundu la haja, na uvimbe kwenye shina la mkia. Biashara ya kimataifa ya waliokamatwa mwituni, tukumbushane, imepigwa marufuku tangu 2017.