Snea ya Zamani: Beji Siyo Kalenda

Kijana mmoja alinikuta karibu na soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, amebeba snea, ile ngoma fupi yenye nyaya upande wa chini, ndani ya mfuko wa salfeti. "Shikamoo mzee. Hii ni ya mwaka 1948," akasema kabla hata sijaipokea. Nikamuuliza amejuaje. Akaweka kidole kwenye beji: Ludwig, Chicago, na chini yake namba ya tarakimu sita inayoanza na 1948. Ilitoka stoo ya kwaya moja ambayo siku hizi inatumia kinanda chenye midundo yake, na yeye alitaka milioni tatu.

Nimeshasikia hesabu za namna hii mara nyingi, Kirumba hadi Igoma, kwa hiyo nizieleze moja moja, nikianza na hiyo yake.

"Namba kwenye beji ni mwaka." Siyo. Ludwig, watengenezaji wa ngoma wa Marekani, hawakuweka namba kwenye beji zao mpaka mwishoni mwa 1963, kwa hiyo namba peke yake inatosha kuifuta 1948. Halafu kuna historia ya jina. William F. Ludwig na mdogo wake Theobald walianzisha kampuni Chicago mwaka 1909, ikaja kuuzwa kwa Conn, kampuni nyingine ya ala za muziki, na kazi ikahamia Elkhart, Indiana. William alipoanza upya mwaka 1937 ilibidi ngoma zake aziite WFL, maana jina la ukoo wake lilikuwa mali ya watu wengine. Alilinunua tena mwaka 1955. Mwaka 1948, basi, ngoma za mzee huyo zilikuwa zinatoka Chicago zikiitwa WFL.

Namba zenyewe nazo zina kaukaidi. Kiwandani beji zilikuwa zinachotwa tu kwenye sanduku, hakuna aliyezipanga, hivyo namba kubwa inaweza kukaa kwenye ngoma iliyotangulia. Laki moja na tisini na kitu inakupeleka katikati ya miaka ya 1960, lakini haikuambii mwezi. Umbo la beji linasaidia zaidi: ile pana juu na nyembamba chini, yenye neno Chicago, ni ya miaka ya 1960, za bluu na kijani cha zeituni zilifuata, na ukikuta imeandikwa Monroe, ujue kiwanda kilikuwa kimeshahamia North Carolina, jambo la miaka ya 1980. Na beji hung'oka. Kama ngoma ni ya mbao, vua ngozi umulike ndani kwa tochi ya simu; nyingi za Ludwig za wakati huo zimegongwa muhuri wa tarehe kwa wino. Huo muhuri nauamini kuliko beji.

"Sumaku ikishika ndiyo orijino." Hii inawaponza mafundi wetu wa Makoroboi, watu ambao chuma wanakijua kuliko mimi. Nilikuwa na sumaku ya spika mbovu mfukoni. Niliiweka kwenye ringi ya juu, ikanasa, kijana akatabasamu. Nikaishusha kwenye mwili wa ngoma, ikateleza. Tabasamu likaisha, wakati hapo ndipo alipotakiwa kufurahi. Ringi ni chuma, lakini mwili wa Supraphonic, snea maarufu kuliko zote za Ludwig, ni alumini iliyopakwa kromu. Za mwanzo kabisa, kabla ya takribani 1963, mwili wake ulikuwa shaba ya njano, na hizo ndizo zinazotafutwa. Sumaku haitakutofautishia alumini na shaba, maana zote mbili haizishiki. Fungua skrubu moja, uchungulie ukingo wa tundu ambako kromu haikufika: ukiona njano ni shaba, ukiona kijivu ni alumini. Uzito pia utausikia mkononi. Mwili unaonasa sumaku ni wa chuma, na ngoma nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo.

"Kromu yenye malengelenge ni feki." Ni karibu kinyume chake. Kromu haielewani vizuri na alumini, ndiyo maana Supraphonic nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina vipele na magamba. Ndugu yake, Acrolite, aliyetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, naye ni wa alumini lakini hana kromu, kwa hiyo habanduki hivyo.

"Ing'arishe kwanza, ipande bei." Hapa nasema kama mkosaji. Acrolite yangu ya kwanza niliisugua kwa stili waya na sabuni ya unga mpaka ikameremeta kama sufuria ya harusi, na ndiyo bei niliyokuja kuipata: ya sufuria. Mnunuzi wa vitu hivi analipia kile ambacho hakijaguswa. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, uishie hapo.

"Ya zamani ni adimu." Februari 1964 Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, alionekana kwenye televisheni ya Marekani akipiga Ludwig, na kila kijana akataka yake, kiwanda kilifyatua ngoma usiku na mchana. Kwa hiyo Ludwig ya 1965 ina thamani, lakini si adimu. Adimu ni kama ile nyeusi ya shaba iliyochorwa nakshi ya miaka ya 1920, ambayo huuzwa kwa maelfu ya dola. Hiyo sijawahi kuiona upande huu wa ziwa.

Nyingine mbili kwa haraka. Ukikuta ngoma ya Premier, kampuni ya Uingereza, ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 na ngozi mpya ya inchi 14 haikai, huenda ngoma haijapinda: vipimo vyao vya zamani vilikuwa tofauti kidogo. Na bei uliyoiona mtandaoni ni ya muuzaji anayeomba; tafuta zilizokwishauzwa uone watu walilipa nini.

Nikaigeuza snea ya kijana. Pembeni, pale inapokaa swichi ya kufungulia nyaya za chini, palikuwa na matundu mawili mapya ya keke na bawaba ya dirisha imefungwa kwa nati za baiskeli. Fundi alikuwa ameokoa ibada, akaua nusu ya bei.

"Swichi yake ya asili iko wapi?"

Akafikiri. "Nadhani stoo, mzee, kwenye kopo la misumari."

Nikamwambia asiuze kwa mtu yeyote kwanza. Aende akalilete hilo kopo, halafu tuongee bei.