Mkutano wa mradi huria: mgeni aingie, aelewe, apate la kufanya

Miradi mingi ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, hutangaza kwamba mikutano yake iko wazi kwa kila mtu. Mgeni akibonyeza kiungo anakuta watu sita wanaofahamiana, wanajadili tiketi namba 4312 (yaani kazi au hitilafu iliyoandikwa kwenye orodha ya mradi) ambayo hakuna anayeisoma kwa sauti, na mmoja anasema, "Ile ya wiki jana tumalizane nayo." Baada ya dakika ishirini mgeni ameshatoka. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemjibu vibaya, ila mkutano uliandaliwa kwa ajili ya waliohudhuria uliopita. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya ukaribishaji hufanyika kabla mkutano haujaanza na baada ya kwisha.

Nianze na saa, maana hapo ndipo watu wengi hupotelea. Tangaza muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika kwa majira, kisha weka faili la kalenda ambalo mtu analiingiza kwenye simu yake na likambadilishia lenyewe. Epuka vifupisho kama EST, saa ya kawaida ya mashariki mwa Marekani: wengi huvitumia hata mwezi Julai, wakati New York iko kwenye EDT, saa yake ya kiangazi, na mgeni makini anayepiga hesabu kwa EST atachelewa saa nzima. Halafu kuna mtego wa kubadilisha majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho. Kwa hizo wiki mbili au tatu, mkutano uliofungwa kwenye saa ya New York unawaangukia Wazungu wa Ulaya saa moja mapema kuliko walivyozoea, na jambo hilo hujirudia kwa wiki moja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Walio kwenye nchi zisizobadilisha saa hubaki na tofauti hiyo kuanzia Machi hadi Novemba. Amueni kama mkutano unafuata UTC au saa ya mji fulani, na muandike hivyo.

Hakuna saa moja inayomfaa aliye Tokyo, aliye London na aliye Los Angeles kwa pamoja. Zungusheni: mkutano mmoja 08:00 UTC, unaofuata 16:00 UTC. Ila kama wenye ruhusa ya kuunganisha msimbo, yaani kuingiza kazi za wengine kwenye mradi, huhudhuria ule wa 16:00 tu, ule mwingine utakufa polepole, maana watu hawapendi kuleta hoja mahali pasipo na wa kuijibu.

Ajenda iwe hadharani saa 48 kabla, kwenye hati ambayo yeyote anaweza kuihariri. HedgeDoc na Etherpad, programu za kuandika pamoja mtandaoni, zote zinafaa. Kwa mkutano wa dakika 50, mada tatu au nne zinatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni muktadha. "Kujadili hifadhidata" haimsaidii mtu. Linganisha na hii:

"Kuacha PostgreSQL 12 (toleo la zamani la programu ya hifadhidata) katika toleo letu lijalo. Muktadha: watengenezaji wake waliacha kulirekebisha Novemba 2024, bado tunalijaribu kila tunapojenga programu, na linachelewesha majaribio. Tunachotaka: maoni, si uamuzi. Mleta hoja: (jina). Dakika 12. Kiungo cha tiketi."

Mtu ambaye hajawahi kuugusa mradi sasa anaweza kuuliza swali la maana. Ukiona mleta hoja ameshindwa kuandika sentensi mbili za muktadha, mada hiyo haijaiva, iahirishe hadi mkutano mwingine.

Chumba cha mtandaoni kifunguke kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu wala kufungua akaunti. Jitsi Meet na BigBlueButton, programu huria za mikutano ya video, huruhusu hilo kwa washiriki. Angalia tu kwamba kwenye meet.jit.si, tovuti ya Jitsi yenyewe, tangu 2023, anayefungua chumba lazima aingie na akaunti, kwa hiyo mwenyekiti akichelewa, wageni wote wanasubiri mlangoni. Wawepo wawili wanaoweza kufungua, na hao hao wawe na uwezo wa kumtoa mvurugaji. Washiriki waingie maiki zikiwa zimezimwa, na kuonyesha skrini kufungwe hadi mtu apewe nafasi. Kamera isiwe sharti: video hula bando na huangusha sauti ya mwenye mtandao dhaifu.

Majukumu matatu yagawanywe kwa watu watatu: mwenyekiti, katibu na mpokezi. Mwenyekiti anayeandika kumbukumbu hafanyi lolote kati ya hayo vizuri. Mpokezi ndiye miradi mingi huwa haina. Kazi yake ni kukaa kwenye gumzo: anawasalimu wanaoingia, anabandika tena kiungo cha ajenda kwa waliochelewa (kwenye baadhi ya programu aliyeingia baadaye haoni ujumbe uliotangulia), anafafanua vifupisho, na anamkatiza mwenyekiti kwa sauti swali la gumzo likikaa bila jibu.

Ule mzunguko wa kila mtu kujitambulisha mimi naupinga. Watu kumi na watano kwa dakika moja kila mmoja ni robo saa imekwenda, na kwa mgeni ni mtihani. Weka sehemu kwenye hati ambapo anayetaka anaandika jina analopenda kuitwa na kilichomleta. Kisha mwenyekiti afungue hivi: "Karibuni. Ajenda iko kwenye kiungo cha gumzo. Ukitaka kusema, inua mkono au andika alama ya kujumlisha. Kusikiliza tu ni ruksa. Tutaanza kurekodi baada ya dakika tano, na dakika kumi za mwisho hazitarekodiwa." Kipande hicho cha mwisho kina faida yake, kwani maswali ambayo watu huona aibu kuyauliza hutoka rekodi ikishazimwa.

Sasa ukimya. Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwenye swali?" anasubiri sekunde mbili, anasema, "Haya, tuendelee." Kwa sekunde hizo mbili mgeni bado anatafuta kitufe cha maiki, sauti inasafiri kwa kuchelewa, na pengine anatunga sentensi kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Utaona ni kirefu kuliko unavyodhani. Afadhali zaidi, kwa kila mada nzito, toa dakika mbili za kila mtu kuandika maoni yake kwenye hati kimya kimya, kisha yasomwe. Msemaji hodari anapata mistari yake kama wengine, na wale ambao wasingefungua mdomo huwa wameandika.

Mzoefu akimjibu mgeni, "Hilo lilishajibiwa, soma nyaraka," mwenyekiti aingilie papo hapo: "Tafadhali weka kiungo cha jibu hilo kwenye gumzo." Mara nyingi kiungo hakipatikani, na katibu anapata kazi mpya ya kuandika nyaraka. Makosa mazito zaidi yashughulikiwe kwa kanuni za maadili. Wengi hutumia Contributor Covenant, kanuni zilizoandikwa tayari kwa ajili ya miradi huria, iliyoanza 2014. Kanuni hizo ziwe na watu wawili wa kupelekewa malalamiko, na angalau mmoja asiwe mwenyekiti, maana lalamiko linaweza kuwa juu yake.

Uamuzi usifungwe mkutanoni. Apache Software Foundation, shirika linalosimamia miradi mingi huria, hutaka mazungumzo ya pembeni yarudishwe kwenye njia ya maandishi ya mradi, na kura kwa kawaida huachwa wazi kwa angalau saa 72 ili waliolala wakati wa mkutano nao wapige. Mkutano utoe pendekezo. Uamuzi uje baadaye kwa maandishi. Kumbukumbu ziwekwe kwenye hazina ya msimbo ndani ya saa 24: mapendekezo, nani anafanya nini, na viungo. Nani alisema nini si lazima.

Zile dakika kumi za mwisho ni za wageni. Katibu awe na tiketi tatu zilizoandaliwa, kila moja ikitaja faili la kuanzia, matokeo yanayotarajiwa, na jina la atakayekagua pamoja na siku ya kukagua. Bila hilo jina, mgeni hutuma kazi yake, inakaa wiki tatu, naye anahamia mradi mwingine. Na wazoefu waziachie tiketi hizo, hata kama wangezimaliza kwa dakika tano.

Ajenda ikiwa tupu, ahirisha siku moja kabla na ufute tukio kwenye kalenda yenyewe. Tangazo la gumzo peke yake halimfikii mgeni. Hata hivyo mpokezi aingie chumbani kwa dakika kumi za kwanza, kwa ajili ya mgeni ambaye hakupata taarifa.