Pasifizimu si woga

Kwenye kibanda cha chai hapa Kariokor nimelisikia tena: mpasifisti, yaani mtu anayekataa vita, ni mwoga, ukimzaba kofi ananyamaza. Hapana. Mfaransa Émile Arnaud alilipigia debe neno pasifizimu mwaka 1901. Mizizi yake ni ya Kilatini, pax, amani, na facere, kufanya. Halina undugu na neno la Kiingereza passive, la kukaa kitako tu, ingawa masikioni yanafanana. Kinachokataliwa ni vita, si kupinga dhuluma.

Si lazima uwaite wapasifisti, lakini wakumbuke akina mama wa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park, Nairobi, 1992. Walisusia chakula pamoja na Wangari Maathai. Polisi wakaja na virungu na gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, wakaendelea.